Pindo la Mama Mkubwa

Mama hakununua sweta la mtumba bila kuligeuza ndani nje kwanza. Siku za soko pale mpakani, upande wetu wa Bwera, wachuuzi walimjua na walikuwa wamemchoka. Aliinamia marundo yao, akachomoa sweta kubwa jeupe la mtu wa nchi za baridi, akatazama mshono wa ubavuni. Kama mshono ulikatwa kwa mashine, alilirudisha, kwa sababu sweta la namna hiyo ukilifumua unabaki na vipande vya uzi visivyofika hata urefu wa mkono. Kama pande zilifumwa nzima na kuunganishwa kwa uzi mmoja, alitabasamu peke yake, kisha akaanza kubishana bei kwa sauti ya mtu anayeonewa. Nyumbani tulikata ule uzi mmoja, tukavuta, na sweta zima likarudi kuwa uzi uliojikunja kama nywele zilizotoka kufumuliwa.

Kwa uzi huo alifuma shali. Mtu aliyezoea shali za dukani asidhani nasema kitambaa kizito cha kujifunika baridi. Hizi zilikuwa matundu kwa matundu, majani na macho yaliyotokea kwa kuruka uzi hapa na kuunganisha vitanzi viwili pale. Shali yenye upana wa kitanda ingeweza kuingia yote ndani ya viganja viwili. Wanawake walizichukua kwa ajili ya harusi na watoto wachanga, na katika ukoo wetu sikumbuki mtoto aliyetolewa wodini bila kufungwa ndani ya moja.

Kama kanga, shali ina mji na ina pindo. Mama alifuma mji tu. Pindo lilikuwa kazi ya dada yake mkubwa, ambaye yeye alimwita yaya na mimi mama mkubwa, aliyeolewa ng'ambo ya mto Lubiriha, upande wa Kongo. Waligawana hivyo tangu wakiwa wasichana. Mama alikuwa na mwendo, dada yake alikuwa na subira, na pindo halimtaki mtu mwenye haraka. Kwa hiyo kila shali ilivuka mpaka mara mbili. Mama alimaliza mji, akapitisha uzi mnene katika vitanzi vyote vya ukingoni ili visikimbie, akaukunja na kuuweka ndani ya beseni chini ya nyanya, akaenda. Wiki kadhaa baadaye shali ilirudi ina meno pande zote nne, kila jino limechongoka, na sisi tukajifanya hatushangai.

Kabla ya kuvusha, Mama aliutia mji katika maji yenye jiki kidogo. Uzi wa mtumba huwa na madoa ya umanjano ya jasho la watu tusiowajua, naye alitaka weupe unaoumiza macho. Nimemwona akifanya hivyo pengine mara hamsini. Aliloweka, akasuuza, akaanika, na mji ukatoka mweupe kama sare ya Jumatatu.

Mama mkubwa yeye alikuwa na uzi wake. Alikuwa anachoma. Ukimpelekea sweta, anavuta kipande kidogo cha uzi, anakitia kwenye moto wa jikoni, na kunusa. Kikiyeyuka na kuwa shanga nyeusi ngumu, hicho ni nailoni, anakurudishia. Kikinuka nywele zilizoungua na kuwa majivu, hiyo ni sufu ya kweli, anaificha chini ya kitanda kama mtu anayeficha sukari. Sweta za sufu zilikuwa chache sana, kwa hiyo Mama alifuma mji kwa nailoni na dada yake alitunza sufu kwa ajili ya pindo peke yake.

"Hii uzi yako iko kama mutu mulevi," alimwambia Mama siku moja mbele yangu. "Unaisimamisha, inalala."

"Na yako iko kama mutu wa kujisikia," Mama akamjibu. "Maji ya moto kidogo tu, inakasirika."

Walicheka. Lakini mama mkubwa alikuwa na haki. Akimaliza kufuma pindo alilowesha shali katika maji ya uvuguvugu, akaitandaza juu ya godoro, akavuta kila jino na kulichoma kwa mwiba wa mlimau. Pini za chuma hakuzitaka kwa sababu zinaacha kutu. Shali ililala hapo siku mbili, naye akalala chini kwenye mkeka. Ukichomoa miiba, nailoni hujirudi taratibu, lakini sufu inakumbuka, na meno yanabaki wima mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana pindo lilikuwa la sufu.

Ningependa kusema kwamba nilijifunza yote hayo. Sikujifunza. Nilijaribu nikiwa na miaka tisa, nikatupa sindano uani, na baba akazifuata. Baba alikuwa askari kutoka kaskazini, asiyejua Lhukonzo, lugha ya kwao Mama, hata salamu. Ndiyo sababu nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili, na ndiyo sababu amri zilikuwa nyingi. Alinirudishia sindano akisema, "Chukua. Kaa. Fanya." Nilikaa, sikufanya. Hasira zangu ziko karibu na ngozi, na kitanzi kimoja kikinitoka natamani kuharibu vyote. Baba alikufa nikiwa bado shule. Nikakua, nikawa mwalimu wa chekechea mjini Kasese, nikaolewa na mtu anayefanya kazi kiwanda cha saruji kule Hima, na kufuma nikawaachia waliojaliwa.

Mimba yangu ya kwanza ilitoka. Ya pili ilitoka pia, ikiwa na miezi mitano, na baada ya hiyo nilikuwa nikikwepa kupita nyumba zenye nepi kwenye kamba. Shali ilikuwa imekwisha kufumwa, mji na pindo. Mama aliiuza bila kuniambia na sikumuuliza.

Mimba ya tatu iliingia mwaka 2019. Huo ulikuwa mwaka wa pili wa Ebola huko ng'ambo, na Bwera yote ilinuka jiki. Kila mlango wa duka, kanisa na shule ulikuwa na pipa lenye bomba dogo. Pale mpakani watu walisimama mstari, wakanawa, wakaelekezewa kipima joto kwenye paji la uso, wakapita. Tulizoea mpaka tukaanza kufanya mzaha juu yake. Kisha Juni ugonjwa ukavuka hadi kwetu, na mzaha ukaisha siku hiyohiyo.

Safari hii Mama hakutaka kuanza shali mapema. Alisubiri mpaka mwezi wa sita wa mimba upite. Ndipo akafuma mji kwa siku kumi na mbili, akautia jiki, na kwa kuwa mimi nilimkataza kuvuka, akampa mwanamke jirani aliyekuwa akivuka siku za soko kuuza vitunguu. Mama mkubwa alipiga simu kusema umefika. Alitaka kuzungumza na mimi.

"Mutoto iko anacheza?" aliniuliza.

"Anacheza, mama mkubwa."

"Basi muache acheze. Mimi niko na sufu muzuri, nilikuwa naichunga tangu ile ya kwanza."

Nilipofika mwezi wa nane nilihamia Bwera nikae na Mama, maana mume wangu alikuwa na zamu za kiwandani na hospitali ya misheni ya Kisinga ilikuwa karibu kutoka hapo. Siku ya tatu jirani alileta shali. Tuliitandaza juu ya meza. Pindo lilikuwa la mawimbi na majani madogo, na kila jino lilikuwa na tundu moja nchani, kitu ambacho hakuwahi kufanya kwa mtu mwingine yeyote. Mama alipitisha kidole kwenye kila jino, akihesabu kimya. Mimi nililia, na nikamkasirikia Mama kwa kuniona nikilia.

Siku nne baadaye mume wa mama mkubwa alipiga simu. Mke wake alikuwa na homa tangu wiki iliyopita. Alitapika. Walimpeleka zahanati, zahanati ikaita gari, na sasa alikuwa ndani ya mahema ya Ebola na hakuna aliyeruhusiwa kumkaribia. Walisubiri vipimo.

Mama alisikiliza, akauliza, "Wiki gani?" Akarudia tena, "Wiki gani?" Alikuwa anahesabu, na mimi nilikuwa nahesabu naye. Homa ilianza kabla shali haijavuka. Alifuma meno ya mwisho akiwa na homa, na kwenye miiba aliyavuta akiwa nayo.

Sikumbuki ni nani aliyemwambia mhudumu wa afya wa kijiji. Bwera hakuna anayehitaji kuambiwa. Alikuja asubuhi, kijana mpole mwenye fulana ya wahudumu, akasimama uani mbali na mlango, akauliza kama kuna kitu kilichotoka kwa mgonjwa. Mimi nikasema kipo.

"Hii kitu ni ya kuchoma," alisema baada ya kuelezwa. "Hasa na huyu dada iko na tumbo."

"Haichomwi," Mama alisema.

"Basi muloweke kwa jiki, mama. Nusu saa. Mutie maji vile tulifundisha, halafu musuuze, muanike kwa jua kali. Na mutapimwa joto kila siku, nyinyi wote wawili."

Alikuja kila siku kama alivyosema. Mume wangu alipiga simu akaniamuru nirudi Kasese. Mhudumu akasema nisitoke hapo mpaka siku zipite. Sikuwa wa kwenda wala wa kukaa. Nililala na mkono juu ya tumbo nikisikiliza kama mtoto anacheza, na asipocheza kwa saa moja nilikula sukari ili acheze. Kila nilipohisi joto niliamini ni homa. Mama alikuwa ameitia shali ndani ya mfuko wa nailoni na kuuweka juu ya kabati. Kila asubuhi alivaa gauni lake la gomesi, akaenda darajani, akasimama upande wetu akitazama upande wa pili. Hakuruhusiwa kuvuka na hakujaribu. Alisimama tu mpaka adhuhuri, akarudi, akanawa mpaka kwenye viwiko. Nilimwambia anajichosha bure.

Siku ya tano simu ililia mapema. Mama mkubwa amefariki. Watu wa mavazi meupe walimzika palepale jioni, ndani ya mfuko, vipimo vikiwa havijarudi. Mume wake alionyeshwa kaburi kwa mbali. Mama alikaa chini sakafuni, miguu imenyooka mbele, kama mtoto. Hakulia kwa sauti. Alisema, "Nani alimuosha?" Nikamwambia sijui. Hatukuweza kwenda, hatukuweza kutuma mtu, hata majirani walitupa pole wakiwa barabarani.

Kesho yake alivaa gomesi akaenda tena darajani. Alipotokomea njiani nilipanda kiti, nikashusha ule mfuko.

Nataka niseme kweli hapa. Sikutaka kuiharibu. Nilitaka kuitunza. Kila mtu alisema ichomwe, na nilijua siku moja nitaamka na hofu kubwa kuliko siku nyingine nami nitaitia motoni. Nikaona heri niisafishe mara moja, isafike kabisa, ili iwe yetu. Nilikuwa nimemwona Mama akitia shali jiki maisha yangu yote. Jiki na shali nyeupe, kwangu, vilikwenda pamoja kama chai na maziwa.

Ila nusu saa niliidharau. Mtu aliyepoteza mimba mbili haamini nusu saa. Nilimimina chupa nzima, nikaongeza nyingine nusu, maji kidogo tu ya kufunika, nikafunga pua kwa leso, nikaisukumia shali ndani kwa kijiti. Ilikuwa baada ya chai ya asubuhi. Nilisema moyoni, kama nusu saa inaua, nusu siku inaua zaidi. Nikafunika beseni kwa sinia, nikaenda kukaa chini ya upenu mbali na harufu.

Jua lilipokuwa utosini nilifunua. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai nyepesi. Nikafurahi, nikidhani ni uchafu uliotoka. Nilivaa mifuko mikononi, nikainua shali, na mji ukaja juu mweupe sana, mzima, majani yote na macho yote mahali pake. Pindo halikuja. Upande mmoja lilining'inia kama uji, la njano, likakatika na kurudi majini. Nilipitisha mikono chini kulikamata na likawa utelezi kati ya vidole. Nilichota maji kwa kikombe, nikayamwaga polepole katika chujio. Nilipata vijipande vidogo vya jino moja, vilivyosambaratika nilipovigusa. Hakukuwa na kingine.

Mji ulikuwa nailoni, pindo lilikuwa sufu. Nilijua hilo. Niliona moto na kunusa nywele zilizoungua tangu utoto. Lakini sikuwahi kuona pindo likitiwa jiki, kwa sababu shali iliyotoka kwa mama mkubwa ilifuliwa kwa kipande cha sabuni na viganja tu, na mimi sikuwahi kuuliza kwa nini, maana sikuwa nasikiliza.

Mama alirudi akanikuta nimekaa kando ya beseni na chujio mapajani. Alitazama mji uliokuwa kwenye kamba. Vitanzi vya ukingoni, vilivyokuwa vimeshikwa na pindo, sasa vilikuwa wazi, na kwa uzito wa maji vilikuwa vimeanza kukimbia, kimoja baada ya kingine, ngazi zinazopanda kuelekea katikati. Nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane. Alinawa, akaingia ndani, akatoka na sindano na uzi mnene, akashusha mji kutoka kwenye kamba ukiwa bado unachuruzika, akaanza kuvuta vitanzi juu na kuvipitisha uzi, kimoja kimoja, pande zote nne. Ilimchukua mpaka machweo. Nilimshikia kitambaa kisivutike.

Siku iliyofuata nilimwomba afume pindo jingine.

"Mimi sijui pindo," alisema. "Hiyo ilikuwa yake. Miaka yote hiyo sikumwuliza hata mara moja anaanza na vitanzi ngapi."

Vipimo vilirudi baada ya wiki. Mume wa mama mkubwa alitusomea kwenye simu, polepole, kwa Kifaransa kwanza na halafu kwa Kiswahili, kana kwamba lugha ya pili ingebadilisha jambo. Haikuwa Ebola. Ilikuwa malaria iliyopanda kichwani, na presha aliyokuwa nayo siku zote. Angeweza kuoshwa na dada yake, kulazwa kitandani kwake mwenyewe, kukeshewa na watu wakiimba. Shali haikuwa na kitu chochote ndani yake isipokuwa kazi ya mikono yake, nami ndiye niliyeiyeyusha. Mhudumu wa afya alikuja kutupa habari hiyohiyo akiwa na furaha, masikini, akidhani anatuletea faraja. Nilimshukuru na kuingia ndani kabla sijamrukia.

Binti yangu alizaliwa Kisinga, mzima, mwenye sauti mbaya kama yangu. Mama alitoa ule mji kwenye begi. Wanawake wa vitanda vya jirani walikuwa na blanketi za dukani zenye picha za dubu, na mmoja aliuliza shali yetu kwa nini ina uzi wa gunia pembeni, kama haijakwisha. Mama alisema haijakwisha.

Muuguzi alipoondoka nilimwambia, "Mama, nisamehe. Nilikosea."

Alikuwa anamfunga mtoto, hakuniangalia. "Usiniombe mimi. Ile siku walisema yaya iko kwa hema, niliogopa hiyo shali. Niliitia kwa mfuko na kijiti, sikuigusa na mukono. Kila asubuhi nilikuwa naenda darajani nikisema, acha nirudi nikute mutoto wangu ameichoma, isiwe mimi."

"Ulimwambia haichomwi."

"Nilisema na mudomo. Ilikuwa mikono ya yaya, na mimi niliogopa mikono ya yaya."

Alimwinua mtoto, akamweka begani, akaivuta shali ikafika kwenye kidevu chake kidogo. Halafu vidole vyake vikaanza kutembea ukingoni, kama vilivyotembea kwenye kila shali iliyorudi kutoka ng'ambo, vikihesabu meno.